Gari Linang'aa, Nyumbani Kumenuna

Mwezi huu tutoke kidogo chumbani, twende barabarani, kwenye kitu ambacho wanandoa wengi wa mjini wanakipenda karibu sawa na mtoto: gari.

Jumamosi moja nilipigiwa simu na shoga yangu niliyesoma naye chuo. Sauti kavu kabisa. "Njoo umsikie shemeji yako." Nikaenda kwao Tabata. Nje kuna Toyota IST inameta kama imeshuka melini jana. Ndani watu hawasemeshani. Kisa? Shemeji alikuwa na hela ya kulipia awamu ya kiwanja chao. Akapita Gerezani kununua shokapu, akakutana na kijana anayepaka seramiki. Akaambiwa rangi italindwa miaka mitano, mambo ya polishi asahau. Hela ikatoka. Mke akajua gari lilipofika nyumbani.

"Shemeji, piga hesabu mwenyewe," akajitetea. "Gawanya kwa miaka mitano, ni bei chee!"

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka Gerezani Jumatatu yake. Nilipanda mwendokasi hadi mwisho wa kituo, nikaingia mitaa ya spea na gereji, nikauliza mafundi wawili watatu. Nikarudi nyumbani nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, seramiki hii si vigae vya bafuni. Ni kimiminika chenye asili ya silika, jamii moja na mchanga na kioo. Kinapakwa juu ya klia, lile tabaka angavu la juu kabisa la rangi, kinashikana nalo na kuganda. Unene wake mara nyingi ni mikroni moja au mbili tu. Klia ya kiwandani huwa na kama mikroni 40 hadi 50, na unywele wako mmoja una karibu 70. Kwa hiyo ukiambiwa umevalishwa ngao, jua ni ngao nyembamba sana.

Pili, ile 9H iliyoandikwa kwenye boksi. Wengi tunadhani ni ugumu unaokaribia almasi. Wapi! Ni kipimo cha penseli. Penseli hupangwa kuanzia laini hadi ngumu, na 9H iko mwisho kwenye ugumu. Maana yake ni kwamba penseli hiyo haikuliacha koti na mkwaruzo. Kokoto linalorushwa na lori mbele yako halijui habari za penseli.

Je, miaka mitano haiwezekani? Inawezekana. Nta ya kawaida hukaa wiki kadhaa hadi miezi michache. Seramiki za kupuliza hukaa miezi. Za kujipakia mwenyewe mara nyingi hufika mwaka mmoja au miwili, na zile za mafundi waliobobea zinaweza kufika mitano au kuzidi. Lakini miaka ya kwenye boksi ni ya gari lililoandaliwa vizuri, linaloshwa kwa adabu na kulala chini ya paa. Letu la Dar linashinda juani, linapigwa na upepo wa chumvi, linaoshwa kwa maji ya kisima yanayoacha madoa meupe, halafu kunguru wanamalizia kazi. Kinyesi chao kikikauka juani, kinaweza kula koti na hata klia.

Fundi mmoja mtu mzima alinipa neno nililoondoka nalo: "Dada, kupaka ni kazi ndogo. Kazi ni kuandaa." Magari yetu mengi yamekuja mitumba, klia imechoka na ina mikwaruzo. Seramiki haiifuti, inaifungia ndani. Kwa hiyo gari lioshwe, uchafu ulionata utolewe kwa udongo maalumu, lipigwe polishi, kisha mafuta yote yafutwe kwa spiriti. Hapo ndipo lipakwe, kivulini, pasipo vumbi. Baadaye lisiguse maji kwa saa 24, na sabuni isubiri kama wiki nzima.

Gari la shemeji? Lilipakwa kwa saa mbili, kando ya barabara, malori yanapita. Jioni ile ile mvua ikamkuta njiani. Nilipomweleza alinyamaza kimya, akaangalia chini. Nilimwonea huruma, jamani.

Sasa wewe ambaye bado hujatoa hela, fanya hivi:

- Muulize fundi ataandaa rangi kwa hatua zipi na gari litalala wapi. Akikwambia "subiri kidogo hapa hapa", aga uondoke.
- Omba dhamana ya maandishi, usome masharti. Nyingi zinataka gari lirudi kukaguliwa kila mwaka.
- Acha sabuni ya unga. Tumia shampuu ya magari, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, na kitambaa laini. Sponji lililoanguka mchangani lisirudi kwenye gari.
- Maji yakiacha kujikusanya matone, usikimbilie kupaka upya. Huenda ni uchafu tu umeziba koti. Osha vizuri kwanza, kisha utazame.
- Kinyesi cha ndege kilowanishe na ukitoe siku ile ile. Usikikwangue.

Na la sita, ambalo hakuna fundi atakayekwambia: ongea na mwenzako kabla hela haijatoka. Shoga yangu hakukasirikia seramiki. Alikasirika kwa sababu hela ya kiwanja ilikuwa ya wawili, na uamuzi ukafanywa na mmoja, amesimama kando ya barabara.

Nimesikia siku hizi shemeji anaosha gari mwenyewe kila Jumapili, na awamu ya kiwanja anaifidia kidogo kidogo kutoka kwenye hela yake ya chakula cha mchana. Nyumbani wameanza kusemeshana. Koti sijui litafika mwaka wa ngapi, lakini wahenga walisema kitunze kikutunze, na hawakusema ni gari peke yake.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.