Mkandaji Naye Akandwe

Hoja kwamba mkandaji hahitaji kukandwa, eti kazi yake yenyewe ni mazoezi tosha, inachanganya mazoezi na uchovu. Mazoezi hubadilisha misuli inayotumika na kuipa nafasi ya kupumzika. Ukandaji hurudia msukumo uleule, mteja baada ya mteja, shingo ikiwa imeinama na uzito wa mwili ukiishia kwenye kidole gumba.

Kinachoumia zaidi ni mkono. Misuli inayokunja vidole iko upande wa ndani wa kigasha. Kano zake 9 hupita kwenye mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Utando wa kano hizo ukivimba, mshipa hubanwa. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi usiku. Kukandwa kigasha mara kwa mara hulegeza misuli iliyokaza, na humwonyesha mkandaji penye maumivu ambayo alikuwa ameyazoea. Ganzi ikishaanza, aende kwa daktari. Kukandwa pekee hakutoshi.

Hoja hiyo inamsahau pia mteja. Mkandaji anayekandwa huonja mwilini mwake kiwiko kinapobonyeza mno kando ya uti wa mgongo, na jinsi mafuta ya baridi yanavyoshtua ngozi. Hayo hayafundishiki kwa maneno.

Kisingizio cha gharama nacho ni dhaifu: wenzi wawili kazini wanaweza kukandana kwa zamu saa ambazo wateja ni wachache, mwajiri akiwaachia nusu saa tu.