Sauti Ivukayo Bahari Wakati wa Macheo

Mwezi huu twataka kunena habari za watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wasiolipwa mshahara wala wasiotangaza biashara, bali hujifunza kazi ya redio kwa kuipenda, wapate kusemezana na wenzao wa nchi za mbali. Kwao saa ya macheo ni saa ya thamani kubwa. Nasi tutaieleza kwa mfano wa Ras Kisimani, pembe ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, ielekeayo midomo ya mto Rufiji.

Mawimbi ya redio yaendayo mbali hupanda juu, yakapiga tabaka la hewa lililo kilomita 200 na zaidi kutoka ardhini, kisha hurudi chini kama mpira uliopigwa ukutani. Lakini mchana jua huamsha tabaka jingine la chini yake, kati ya kilomita 60 na 90, nalo huyameza mawimbi marefu yasifike juu. Usiku tabaka hilo hutoweka. Kunapopambazuka, jua huliangazia kwanza lile la juu, na la chini lingali gizani. Ndipo njia hufunguka kwa muda, nayo hufuata mpaka wa giza na nuru uizungukao dunia nzima. Upande mmoja wa mpaka huo watu huona macheo, upande wa pili huona machweo. Mwezi wa Juni, jua lichomozapo Mafia, wakati huo huo huwa linatua Tahiti, katika bahari ya Pasifiki, umbali wa kilomita 17,000 hivi.

Walakini karibu na ikweta jua hupanda wima, na mapambazuko hayazidi sana dakika 20. Mvuvi wa Kisimani ajua ya kuwa maji yakipwa hayamngoji mtu. Vivyo hivyo mtu wa redio hana budi kuamka kungali giza, auinue waya wake, aipime betri yake, kisha asikilize kwanza. Maana asemaye kabla ya kusikiliza huifunika sauti dhaifu ya mwenziwe atokaye mbali. Akiitikiwa, hutaja jina la kituo chake, ambalo kwa Tanzania huanza kwa 5H, na jinsi amsikiavyo mwenziwe, na jina lake, na mahali alipo, basi. Hata hivyo asianze kazi hii bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Bahari hii ya Mafia iliijua simu ya upepo mapema, lakini kwa ajili ya vita. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imejificha katika mikono ya Rufiji tangu mwaka 1914. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliipiga, na eropleni iliyotoka Mafia ikaziarifu kwa simu ya upepo mahali zilipoangukia risasi zao. Eropleni yenyewe ikapigwa. Rubani Cull akaishusha, naye mwenzake Arnold hakuacha kupeleka habari wakiwa wanaanguka mtoni. Wote wawili wakaokoka. Königsberg ikaangamia, na watu wakafa.

Katika vita hivyo hivyo alikuwako kijana wa New Zealand, Frank Bell, aliyerudishwa kwao mwaka 1917 kwa ajili ya ugonjwa. Huko shambani kwao, Shag Valley, akajitengenezea redio. Tarehe 18 Oktoba 1924 akapeleka salamu, naye Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18 wa shule ya Mill Hill, London, akamjibu. Kwa mmoja ilikuwa jioni, kwa mwenziwe asubuhi. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya redio kati ya nchi hizo mbili. Baadaye Brenda, dada yake Bell, alikishika kituo kile, na mwaka 1927 akawa wa kwanza wa New Zealand kusemezana na Afrika Kusini kwa redio.

Yatupasa kuyapima mambo haya mawili. Simu iliyoelekeza mizinga Rufiji, na simu iliyochukua salamu kutoka Shag Valley, asili yao ni moja. Arnold alikuwa hodari, wala hatumdharau. Lakini twawatakia watoto wetu wapate nafasi ya Goyder, ya kuamka mapema na kumwitikia mtu wasiyemjua aliye upande wa pili wa dunia.

Basi ninyi walimu, twaeni chungwa na taa katika chumba chenye giza. Lizungusheni polepole, watoto wauone mpaka wa giza na nuru ukipita. Tieni alama mahali pa Mafia, kisha waulizeni: jua likichomoza hapa, ni nani walio mpakani pamoja nasi? Na wasichana wajibu pia. Kaeni salama.