Kosa Hutafutwa, Halibahatishwi

Mwalimu anayepangiwa shule katika miteremko ya Kilimanjaro, iwe Marangu, Machame, Kibosho au Rombo, hakai muda mrefu kabla ya kuletewa chombo kibovu. Wananchi hudhani kwamba mtu aliyesoma sayansi chuoni aweza kutengeneza kila kitu chenye waya. Leo ataletewa redio, kesho pasi, na Jumamosi jioni atafuatwa na wanakwaya waliobeba amplifaya ya gitaa iliyonyamaza, na ibada ni kesho yake asubuhi. Katika makala haya twataka kuwaeleza wanachuo wetu namna ya kuipokea amplifaya hiyo. Aidha, twataka kutoa rai kwamba njia ya kuitafuta hitilafu yake ndiyo hasa njia ya kuyatafuta makosa ya mtoto darasani.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliletewa nyumbani amplifaya ya namna hiyo. Taa yake iliwaka, lakini sauti haikutoka. Hatukuuliza neno, tulichukua bisibisi tukaifungua. Tulikuwa tumesoma kwamba transista za mwisho, zile zinazoisukuma spika, huungua mara nyingi. Basi Jumatatu tulishuka Moshi mjini, tukanunua transista mbili, tukazilehemu. Kimya. Tukabadili nyingine, na kwa kuwa tulikishikilia chuma cha moto mahali pamoja kupita kiasi, tukaibandua njia ya shaba iliyokuwa juu ya ubao wa saketi. Kwaya iliimba Jumapili tatu bila gitaa.

Mwishowe tulimwendea fundi mmoja wa redio, mtu asiye na cheti chochote. Yeye hakushika bisibisi. Aliuliza maswali matatu: Ilinyamaza ghafla au kidogo kidogo? Ilikuwa ikifanya kazi gani iliponyamaza? Nani aliigusa mwisho? Kisha akauomba waya wa gitaa, akaupima kwa kipimo chake. Waya ulikuwa umekatika ndani ya jeki. Amplifaya ilikuwa nzima mpaka siku tuliyoifungua sisi. Alilazimika kutengeneza madhara yetu, si hitilafu ya chombo.

Tulipata wapi kosa hilo? Hatukukosa maarifa; tulikosa utaratibu. Na utaratibu huo wazee wetu wa Uchagani walikuwa nao kabla umeme haujafika huku. Kila aliyelelewa kwenye kihamba anaufahamu mfongo, ule mfereji unaoyaleta maji kutoka mtoni juu mpaka migombani. Maji yasipofika, mwenye zamu hauchimbui mfongo wote. Huupanda mpaka katikati, akatazama. Akiyakuta maji hapo, ajua kwamba yanapotelea chini yake. Asipoyakuta, ajua kwamba yamezibwa au yamekatwa juu. Kisha huigawa tena sehemu iliyobaki. Kwa hatua chache huwa amelifikia tundu lenyewe.

Sauti ya gitaa nayo ina mfongo wake. Huzaliwa kwenye nyuzi na sumaku ya gitaa, hupita katika waya na jeki, huingia kwenye tundu la amplifaya, hupita vitufe vya kuzungusha, hukuzwa mara ya kwanza, hukuzwa tena kwa nguvu, kisha huifikia spika. Pembeni kuna njia nyingine inayoleta umeme: plagi, fyuzi, transfoma, diodi na kapasita. Anayetafuta hitilafu hujiuliza swali moja tu kila mara: je, mpaka hapa maji yamefika?

Mambo mengi hujulikana bila kufungua kitu. Badili waya wa gitaa, sikiliza. Urudishe wa kwanza, badili gitaa, sikiliza. Jaribu spika nyingine yenye omu zile zile. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu pamoja na sauti ikarudi, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na utakuwa umetengeneza bila kujifunza. Chombo chenyewe nacho husema. Kikikwaruza wakati kitufe kinapozungushwa tu, kitufe hicho kina uchafu. Kikikatikakatika kinapoguswa au kutikiswa, shuku jeki, tundu au kiungo cha risasi kilicholegea. Kikinguruma mfululizo hata sauti inapopunguzwa mpaka mwisho, shuku kapasita za njia ya umeme. Lakini mngurumo ukikoma mara waya wa gitaa unapochomolewa, shuku waya au gitaa lenyewe. Huku juu, ukungu na masika ya Machi hadi Mei huyashika kutu matundu ya jeki. Kule tambarare, vumbi huingia katika vitufe. Mwalimu azingatie mahali chombo kilikoishi.

Hapa yatupasa kusema jambo zito. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, nao huua. Amplifaya za zamani zenye vali huwa na volti zaidi ya 300 ndani yake, na kapasita zake zaweza kuishika nguvu hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo kuchomoa plagi si ulinzi wa kutosha. Fyuzi ikiungua, iwekwe nyingine ya kiasi kile kile kilichoandikwa. Ikiungua tena papo hapo, ndani kuna shoti, na kazi ya mwalimu imeishia hapo. Tumewahi kuiona fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya sigara. Aliyefanya hivyo aliondoa mlinzi akamwacha mwizi ndani. Pia usikubali kamwe waya wa ethi ukatwe ili kuondoa mngurumo. Nyuzi za gitaa aghalabu zimeungwa na bati la amplifaya. Ethi ikikatwa na hitilafu ikatokea, mpiga gitaa atakuwa ameushika umeme kwa vidole vyake, naye huenda ni kijana uliyemfundisha Darasa la Saba.

Mafundi hodari wana kinga yao wanapoijaribu amplifaya yenye shoti: huunga taa ya kizamani, ile yenye uzi unaowaka, ya wati 60 au 100, katika njia moja na chombo. Taa ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, shoti ipo. Taa za kisasa za LED hazifai kwa kazi hiyo. Twaitaja ili mwalimu aifahamu akiiona kwa fundi, si ili aiunde darasani. Msimamo wetu ni huu: mwalimu nyumbani afanye yote yaliyo nje ya chombo, ya ndani ayafanye akiwa na fundi kando yake, na mwanafunzi wa shule ya msingi asikifungue kamwe chombo cha umeme wa ukutani.

Sasa turudi darasani. Mtoto ameandika 52 – 17 = 45. Mwalimu mwingine huchora alama ya mkosa, akampa hesabu kumi zaidi za namna hiyo. Huyo ndiye sisi na transista zetu. Mtoto atakosa zote kumi, kwa sababu hakosi kwa uvivu. Mwite mezani umwambie, "Hebu ifanye tena, uniambie kila unachofanya." Atasema: saba toa mbili, tano, tano toa moja, nne. Hapo kosa limeonekana. Kutoa anakujua, tarakimu anazijua. Ila amezoea kutoa ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Maji yamefika mpaka kwenye mafungu ya kumi na mamoja, yakapotelea kwenye kuchukua kumi moja. Mpe vijiti hamsini na viwili, makumi yakiwa yamefungwa matita, atoe kumi na saba. Lazima alifungue tita moja. Dakika tano zimefanya kazi ambayo hesabu kumi zisingeifanya.

Watoto nao wafundishwe kutafuta. Chukua betri mbili za tochi, balbu na nyaya; ni volti 3 tu, hazimdhuru mtoto. Kabla ya kipindi, ficha kosa moja katika kila saketi: kipande cha karatasi kati ya betri, balbu iliyoungua, waya uliokatika ndani ya ganda lake. Kila kikundi kiandike walichojaribu, walichoona, na walichojua baada ya hapo. Alama zitolewe kwa maandishi hayo, wala si kwa kuwahi kuwasha balbu.

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba madarasa yana watoto wengi na muhtasari ni mrefu. Ni kweli. Lakini mwalimu anayefundisha tena na tena jambo ambalo mtoto analijua, akaliacha lile asilolijua, hapunguzi kazi, anaongeza. Wengine watasema kwamba hayo ni ya mafundi, si ya walimu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitukanya tusidhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma. Fundi yule asiye na cheti alikuwa na njia bora ya kufundishia kuliko sisi wenye stashahada, kwa maana alianza kwa kuuliza.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha mtakutana na amplifaya zilizonyamaza na watoto walionyamaza. Mtoto anyamazapo, msiharakishe kusema kwamba hana akili, kama sisi tulivyoharakisha kusema kwamba transista zimeungua. Anzeni nje: Je, aona ubao? Asikia? Amekula? Ameielewa lugha ya swali? Kisha fuateni mfongo hatua kwa hatua. Mara nyingi mtakuta kwamba mtoto ni mzima kabisa, na kilichokatika ni waya ulio kati yake na sisi.