Dawa ya Mtoto na Saa Zake

Mwezi huu twataka kukiri kosa letu mbele ya wasomaji wetu watukufu. Mjukuu wetu wa miaka miwili alipatwa na kichomi, akapewa hospitali vidonge vya amoksilini vya kuyeyushwa katika maji kidogo: viwili asubuhi na viwili jioni, muda wa siku 5. Siku ya tatu homa ikamtoka, akaanza kucheza. Nasi tukasema yatosha. Mama yake akatwambia, "Baba, daktari amesema siku tano." Tukamnyamazisha, tukafungia kabatini vilivyobaki. Usiku wa siku ya sita mtoto akawa apumua mbio, kifua kikibonyea ndani. Tukamkimbiza hospitali. Alhamdulillahi amepona, lakini sisi hatuna udhuru. Homa kuondoka si dalili kwamba viini vyote vya maradhi vimekufa.

Huko hospitali tulijua kuwa hata siku zile tatu hatukuzitimiza sawasawa. Tulikuwa tukimpa saa 3 baada ya chai, kisha saa 10 alasiri, na usiku kucha hana dawa mpaka saa 3 tena. Hizo ni saa 7 upande mmoja na 17 upande wa pili! Mara mbili kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 12. Kwa saa zetu za Kiswahili jambo hili ni jepesi mno: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, karibu na adhana ya Magharibi. Dawa ya mara tatu, ambayo ni kila saa 8, hutolewa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mtoto akiitapika kabla ya nusu saa kupita, hupewa tena.

Tena kipimo hufuata uzito. Kwa kichomi, Shirika la Afya Duniani limeweka kidonge kimoja cha miligramu 250 kila mara kwa mwenye kilo 4 hadi chini ya 10. Viwili kwa kilo 10 hadi chini ya 14. Vitatu kwa kilo 14 hadi 19. Basi masazo ya kaka si dawa ya mdogo wake. Na dawa ya maji ipimwe kwa kipimo kilichokuja nayo, kwani vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Safari ya pili tuliziandika saa kwa chaki mlangoni. Na ufunguo wa kabati sasa anao mama yake.