Swali Lililokataliwa Darasani

Katika mazoezi ya kufundisha niliyoyasimamia siku za karibuni, mwanachuo mmoja alifundisha injini ya petroli. Andalio lake la somo lilikuwa safi na mchoro wake ubaoni ulipendeza. Alipoeleza kwamba cheche ya plagi huruka kabla pistoni haijafika juu kabisa, mtoto mmoja akasimama: “Mwalimu, cheche ikitangulia, si itaisukuma pistoni irudi ilikotoka?” Akajibiwa kwamba hilo halimo katika muhtasari. Akaketi, wala hakuuliza tena.

Nashikilia kwamba swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Petroli haiwaki yote kwa mara moja. Moto huanzia penye plagi na kusambaa ndani ya silinda, na kusambaa huko kwataka muda. Hesabu ya darasani ingalitosha kulionyesha jambo hili. Injini inayozunguka mara 3000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Basi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, krenki hugeuka nyuzi 18. Cheche ikingoja pistoni ifike juu, msukumo utaikuta imekwisha kushuka, na nguvu itapotea. Ikitangulia mno, hofu ya yule mtoto hutimia: injini hugonga, hupata joto kupita kiasi, hata pistoni yaweza kutoboka.

Wako wenzetu wasemao kwamba hayo ni mambo ya gereji, tena magari ya siku hizi hupangiwa wakati wa cheche na kompyuta. Ni kweli. Lakini yale yaliyofichwa na kompyuta huonekana kwa macho katika gari la zamani, kama Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mwiteni fundi shuleni. Injini izimwe, gia ziwe huru, waya mnene wa koili utolewe kwenye distributa na kugusishwa chuma cha injini, ndipo swichi iwashwe. Balbu ndogo iungwe kati ya waya mwembamba uendao kwenye distributa na chuma cha injini. Puli ikizungushwa polepole kwa spana, balbu itawaka mara tu platini zinapoachana. Hapo ndipo cheche ingaliruka. Watoto watazame kama alama ya puli iko mahali pake. Kama haipo, fundi hulegeza nati ya distributa na kuigeuza kidogo. (Simkubali fundi asemaye kwamba yeye husikiliza tu. Sikio lake ni jema, lakini mtoto hawezi kuliazima.)

Kisha muulizeni, mbele ya watoto, kwa nini alipima kwanza nafasi ya platini, milimita 0.4, kabla ya kuigusa distributa. Atawajibu kwamba nafasi hiyo ikipanuliwa baadaye, platini huachana mapema zaidi, na kazi yote huharibika. Fundi hana andalio la somo, ila anajua kwa nini hili hutangulia lile. Wangapi kati yetu twaweza kusema hivyo juu ya mada tunazozipanga?

Kesho yake mwanachuo yule alirudi darasani na balbu na waya, na gari la jirani likaletwa uwanjani. Mtoto yule hakunyosha mkono. Ilitubidi tumwite kwa jina aje aishike spana.