Bon ya lopitali ifuate mutu, isifuate rangi ya kaske

Asubuhi mapema, jua halijatoka, bus za kazi zinapanga mustari ku barabara za Kolwezi. Ndani ya bus moja watu wawili wanakaa kiti kimoja. Wanaenda shimo moja, wanapumua vumbi moja, shefu wao wa zamu ni mumoja. Lakini mutoto wa yule wa kwanza akishikwa na malaria usiku, mama yake anachukua bon, anaenda lopitali iliyopatana na kampuni, na hakuna mutu anamuuliza franka. Mutoto wa yule wa pili akishikwa na malaria ileile, mama yake anaanza kugonga mulango wa jirani. Kinachowatenga ni jina lililoandikwa juu ya kontra. Wa kwanza ameandikwa na wenye mugodi. Wa pili ameletwa na kampuni ya sous-traitance.

Kuna watu wanasema: "Yule wa pili ashukuru, iko na kazi." Tumelisikia neno hili ku soko, ku kanisa, hata kinywani mwa ba delege wa sendika. Sisi hatulikubali. Matunzo ya lopitali si zawadi ya patron, na si kitu cha kuomba kwa magoti. Ni deni.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 178, inaeleza mambo vizuri. Mufanyakazi akigonjwa, akipata aksida, bibi yake akiwa na mimba ao akizaa, mwajiri analazimika kumutunza yeye pamoja na jamaa yake. Na si kidonge cha kichwa tu. Munganga, meno, operasyo, dawa, kulazwa lopitali, gari la kumufikisha kule ikihitajika, hata miwani. Tena si kwa aksida ya kazi peke yake: hata ugonjwa uliokupata nyumbani siku ya yenga, umo. Na wakati umelala kitandani kwa ugonjwa, kontra imesimama lakini haijakufa: unapashwa kupata theluthi mbili za mushahara. Sheria haisemi "mwajiri mukubwa". Haisemi "mwenye mugodi". Inasema mwajiri. Aliyekuandikisha njo anayedaiwa.

Hapa tusimame kidogo, sababu watu wengi wanachanganya. Wanaona pesa ya CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS, imekatwa ku karatasi ya mushahara, wanafikiri lopitali imekwisha kulipwa. Hapana. Ile 5% inayokatwa kwako ni ya pensheni ya uzee. Mwajiri naye anatoa yake: kwa pensheni, kwa posho ya jamaa, na kwa hatari za kazi, maana yake aksida za kazi na magonjwa yanayoletwa na kazi. Malaria ya mutoto, homa ya matumbo ya bibi, jino lako linalouma, hayamo mule. Hakuna kasha ya serikali inayomulipia mufanyakazi wa kampuni magonjwa ya kila siku. Kwa hiyo mwajiri akikataa, nyuma yake hakuna mutu mwingine. Nyuma yake iko paka mufuko wa mama.

Wazee wetu walikuwa wanasema: kazi njo baba, njo mama. Walisema vile wakati wa Union Minière, wakaendelea kusema vile wakati wa Gécamines. Tusidanganyike, haikuwa mapendo. Tangu karibu mwaka 1928 Union Minière ilianza kukalisha ba bibi na watoto ndani ya makambi kwa sababu ilikuwa imepiga hesabu: kutafuta watu wapya mbali kila mara, na kuzika wengi, kulikuwa bei kali kuliko kutunza jamaa moja pahali pamoja. Watoto wakapimwa uzito, ba mama wakazalia maternite ya kampuni, posho ikagawanywa. Lilikuwa pia jicho la patron ndani ya nyumba ya mutu. Lakini hesabu ile ilikuwa na akili: mufanyakazi ambaye mutoto wake amelala salama, naye anashika mashini na mikono isiyotetemeka. Wazungu wa wakati ule, ambao hatuna sababu ya kuwasifu, waliielewa. Inatushangaza kuona kampuni za leo, zenye kutoa kobalti ya motokari za umeme za dunia nzima, zinashindwa kuielewa.

Halafu Gécamines ikaanguka. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka michache nyuma ya kuporomoka kwa mugodi wa Kamoto mwaka 1990, ilibaki kivuli. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa ule mupango ulioitwa wa kutoka kwa hiari. Kila mutu hapa ana baba, ao mujomba, ao jirani aliyetoka siku zile. Walitoka na pesa kidogo mkononi, na bon ya lopitali ikabaki nyuma yao. Tulizika wengi wao kwa magonjwa ambayo mwaka uliotangulia yangetunzwa bila shida. Tangu siku ile tunajua kwamba afya ya nyumba nzima ikifungwa ku kontra moja, kontra ikikatika nyumba nzima inaanguka siku ileile.

Leo kontra zinakatika kila miezi mitatu. Mwaka 2021 shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la Kolwezi walichapisha ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya eneo letu. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wameletwa na kampuni za sous-traitance. Kwa hiyo yule mutu wa pili ndani ya bus si mugeni mumoja aliyepotea kati ya wenye bahati. Ni kama nusu ya bus.

Wakubwa wa kampuni hizi ndogo wana majibu yao, na ni haki kuyasikia. La kwanza: "Sisi ni wadogo, hatuwezi kujenga lopitali." Nani aliwaomba kujenga? Kampuni kumi zinazofanya kazi ndani ya mugodi mumoja zinaweza kuketi meza moja, zikapatana na lopitali moja, zikalipa kwa kichwa cha kila mufanyakazi na jamaa yake. Ba mama wanaocheza likelemba wataelewa mara moja, ingawa iko tofauti: ndani ya likelemba kila mutu anangojea zamu yake ifike, ndani ya bima ya kundi kila mutu analipa akiomba zamu yake isifike. Watu wakiwa 40, operasyo moja ya tumbo inaweza kuvunja kasha. Wakiwa 4,000, haisikiki.

Jibu la pili linauma zaidi, kwa sababu liko na ukweli ndani: "Watu wanaiba na bon." Tusijifanye. Kila mutu aliyekulia Katanga anaijua bon iliyozunguka avenue nzima, mutoto wa jirani akipewa jina la mutoto wa nyumba, dawa za lopitali zikionekana ku soko. Ni kweli, na inaharibu. Lakini dawa yake inajulikana: picha za jamaa ku karata, liste iliyosainiwa na delege, kontrole. Kampuni inayoweza kuhesabu kila lita ya mazutu ndani ya kamyo haishindwi kuhesabu watoto wa mutu. Mwizi mumoja hawezi kuwa sababu ya kufungia watu mia lopitali.

Na wenye mugodi wenyewe? Wanatuambia: "Wale si watu wetu, waulizeni patron wao." Lakini kaske za watu wale zinachunguzwa na wenye mugodi. Boti zao pia. Mutu wa sous-traitance akiingia bila miwani ya usalama, anafukuzwa saa ileile na mulinzi wa wenye mugodi. Kama wanaweza kukataa mutu asiye na miwani, wanaweza kukataa fakture ya kampuni isiyo na karatasi ya matunzo. Waandike ndani ya soko: hakuna lopitali, hakuna malipo. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance ilitaka soko hizo ziende kwa Wakongomani, na ni jambo zuri. Lakini kumupa Mukongomani soko si kumuruhusu amunyime Mukongomani mwenzake dawa.

Kuhusu wanaoitwa kila siku ku mulango, bila karatasi yoyote, wajue hili: sheria inasema mutu aliyeajiriwa siku kwa siku, akiwa amekwisha fanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi ile haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Hesabuni siku zenu. Andikeni tarehe ndani ya kaye, na jina la shefu wa siku ile. Inspekta wa kazi hawezi kusoma kichwa chako, lakini kaye anaisoma.

Siku hizi imeingia mode ingine, ya "siku ya afya". Wanaleta tente, muziki, tishati, wanapima tansio na sukari, wanapiga picha. Sisi hatukatai. Tansio iliyogunduliwa mapema inaokoa mutu. Lakini mutu akiambiwa tansio yake iko juu, kisha aende kujinunulia dawa ya kila mwezi na mushahara wake, ile siku ilikuwa ya picha kuliko ya afya. Badala ya tishati, tungependa vitu viwili visivyopendeza ku picha: duchi na mashini ya kufua salopeti mule ndani ya kazi.

Tunasema vile juu ya nguvu ya vumbi. Vumbi la shimo halibaki ku shimo. Linarudi nyumbani ndani ya salopeti, mama analifua ndani ya bekeni ileile anayofulia nguo za mutoto. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa Kasulo, pale Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti kati ya nyumba: walikuta kobalti mingi ndani ya mikojo, na zaidi kwa watoto. Mwaka 2020 wakachapisha mwingine, wa Lubumbashi: watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya migodi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Mama ambaye hajawahi kukanyaga ku kariere, naye anaguswa na kariere. Basi ile "jamaa" ya kifungu cha 178 haikuandikwa kwa huruma.

Kuna tena ugonjwa unaongojea. Vumbi la mawe linakaa ndani ya mapafu polepole, miaka kumi, miaka makumi mawili, na silikozi ikishika haina dawa ya kuiondoa. Tena inafungulia kifua kikuu mulango. Mutu anaanza kukohoa wakati kontra yake ya mwisho imekwisha zamani, na patron wa zamani anasema simujui. Hapo CNSS inapashwa kuingia, kwa sababu ni ugonjwa wa kazi. Lakini CNSS itauliza: onyesha. Onyesha ulifanya kazi wapi, onyesha mapafu yako yalikuwa namna gani ulipoingia na ulipotoka. Na zile picha za mapafu ziko ndani ya kabati ya kampuni, kama kampuni ingali iko. Kwa hiyo mukipimwa, ombeni kopi. Ombeni siku ileile, si siku ya kufukuzwa. Mapafu ni yako, picha nayo ni yako.

Wachimbaji wa mikono wana mwajiri gani wa kumudai? Hapo kifungu cha 178 hakiwasaidii, na tutarudi kwao siku ingine. Kwa leo tunawaambia tu kwamba koperative inayokata pesa ku kila mufuko wa mawe inaweza pia kuweka kiasi kidogo ndani ya mutuel ya afya. Sheria ya mutuel iko tangu Februari 2017. Wanachama waiulize komite yao pesa ya mufuko inaenda wapi.

Kwa wale walio na sendika, liko jambo la kufanya mwezi huu. Delege akienda kuzungumza na direksyo, asianze na nyongeza ya mushahara peke yake. Aweke maswali matatu ku meza. Lopitali gani imepatana na kila kampuni ya sous-traitance ndani ya mugodi huu? Nani analipa mutu akitumwa Lubumbashi kwa operasyo? Kopi ya picha ya mapafu inatolewa siku gani? Ajibiwe kwa maandishi, na jibu libandikwe pale watu wanapongojea bus, kaske za rangi zote. Delege atakayetuletea jibu lile, tutalichapisha ku ukurasa huu, pamoja na majina ya kampuni zitakazokataa kujibu.