Maganda ya prunus: milima ya Kivu inauza kilo, wengine wanauza dawa

Katika milima ya Lubero na Beni, kuna muti ambao viwanda vya Ulaya vinatafuta kwa ajili ya ganda lake. Jina lake ni Prunus africana. Wanunuzi wanauita tu prunus.

Ndani ya ganda muna mchanganyiko wa vitu vingi. Kimoja ni asidi feruliki, ya jamaa ya fenoli, jamaa ambayo iko pia ndani ya kahawa na chai yetu. Kuna na steroli, mafuta fulani ya mimea. Mwaka 1966, Mufaransa Jacques Debat aliandikisha haki ya kutengeneza dawa kutoka ganda hilo. Inatumiwa na wanaume wazee wenye prostati iliyovimba, wanaosumbuka kukojoa. Hiyo si dawa ya kansa.

Shida iko hapa: kiwanda hakinunue kitu kimoja, kinakamua mchanganyiko wote. Kwa hiyo kinaendelea kuhitaji ganda lenyewe, na ganda linatoka kwenye muti uliosimama.

Mukataji akibandua ganda kuzunguka shina lote, chakula kutoka majani hakishuke tena kwenye mizizi. Muti unakauka. Akiuangusha kabisa, ni vilevile: familia imeuza mara moja tu. Lakini kama shina limepita sentimita 30 za upana, na mukataji akachukua sehemu mbili tu zinazoelekeana, akaachia nyingine, ganda linaweza kurudi kisha miaka kadhaa.

Tangu 1995, mapatano ya CITES yanaomba kibali kwa kila muzigo unaovuka mupaka. Kibali kinachunga mupaka. Hakichunge panga porini. Mwenye shamba anayelipwa kwa kilo, tena mwenye haraka ya kulipa masomo ya watoto, anasukumwa kubandua yote leo.

Kupanda kunasaidia, ila mbegu za prunus hazikae sana: zinaomba kuwekwa udongoni mapema. Na muti unachukua zaidi ya miaka 10 mbele ya kuvunwa. Nani atangoja muda huo kama hana uhakika kwamba shamba litabaki lake?

Basi mazungumuzo na munuzi yasiishie kwa bei ya kilo. Mwenye muti aulize pia: nani atakata, atabandua upande gani, na atarudi mwaka gani? Munuzi asiye na jibu la kurudi anajua kwamba muti utakufa.